Baba Hakuwa Mlevi

Baba yangu alikuwa seremala katika karakana ya reli, hapa Elisabethville. Tulikaa mtaa wa Kamalondo. Pombe hakuionja tangu abatizwe. Wenzake walipokunywa, yeye aliomba munkoyo, kinywaji cha mahindi wanachopewa hata watoto.

Mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka wakati mimi nimekwisha kuoa, nafunga vidonda katika hospitali ya Wazungu. Kidole gumba kilisugua cha shahada bila kukoma, kama mtu anayeviringisha punje ya hindi. Cha ajabu, akishika randa mkono ulitulia. Lakini asubuhi, wakati wa kuhesabiwa, wafanyakazi walisimama mikono chini, na Mzungu mkubwa wa karakana alipita mbele yao. Aliuona mkono wa baba unavyotetemeka, akasogea, akamnusa mdomo mbele ya watu wote.

"Bwana, mi sikunywaka pombe," baba alisema. "Unipe randa, utaona."

Yule Mzungu alicheka. Wiki ileile baba alifukuzwa.

Nyumbani hakupata nafuu. Uso wake ulikauka, hakutabasamu tena, akawa anaburuta hatua fupifupi. Mama aliamini anakunywa kwa siri, tena kwamba amemchukia. Alinusa vikombe vyake. Nami, niliyevaa koti jeupe na kujiona msomi, nilimketisha nikamwambia, "Baba, wacha lutuku. Ile pombe inatupatisha haya."

Alinitazama kwa uso ule usiosogea. "Na weye, mwanangu?"

Miaka miwili baadaye alilazwa kwetu hospitalini Mzungu mmoja mzee. Kidole gumba kilisugua cha shahada. Uso, kama ubao. Hakuna aliyemnusa. Mtawa alimlisha supu kwa kijiko, na daktari alimweleza mkewe kwa upole kwamba huu ni ugonjwa wa ubongo, unaoula taratibu mwaka hata mwaka, hauna dawa ya kuuponya, wala si kosa la mgonjwa. Akautaja jina. Nilisimama na beseni mkononi, nikasikia yote.

Siku hiyohiyo nilimweleza baba, mama akisikia.

"Andika jina ya ile ugonjwa kwa karatasi," akasema, "upeleke ku kazi."

Nilipeleka. Yule Mzungu mkubwa wa karakana alikuwa amekwisha kurudi kwao Ulaya. Karani, mtu mweusi kama mimi, alitafuta faili ya baba, akanionyesha neno moja: mlevi.

"Ile Bazungu baliandika, mi siwezi kufuta," akasema, akanirudishia karatasi yangu.

Sikuweza kumwambia baba hivyo. Nilimwambia wameipokea, wamesikitika, watamwita.

Tangu siku hiyo mama alimvalisha shati la kazi kila asubuhi, maana vifungo vilimshinda, naye akakaa mlangoni kungoja. Mama alimfunga vifungo bila kumtazama machoni. Aliona aibu, na aibu ile ilikuwa yangu pia. Mvua ziliisha, kiangazi kikaja na baridi yake. Chakula kilianza kumpalia, kisha akashikwa na homa ya mapafu.

Mwishoni sauti yake ilikuwa imefifia mno, mpaka niliinama kumsikia. Alikuwa ananiuliza kama nimepita karakanani.

Nikasema nimepita.