Deni la Shemeji

Mpaka leo sijaelewa kosa langu lilianzia wapi. Nilikuwa napeleka mananasi kwenye hoteli ya shemeji yangu, mume wa dada, pale Bagamoyo, naye hulipa baada ya miezi miwili. Wakulima wangu wa Mkange hawangoji miezi miwili. Basi kampuni moja ya Dar ikachukua ankara yangu na kunipa sehemu kubwa ya fedha papo hapo, kwa makubaliano kwamba hoteli itakuja kuwalipa wao. Wakanipa na barua nimpelekee shemeji, ajue.

Barua ile niliikalia. Ilikuwa Ramadhani. Ningemwambiaje mtu ninayefuturu kwake kwamba deni lake nimeliuza?

Idd ilipokaribia, shemeji akanilipa kabla ya siku ya malipo kufika, mkononi, kwenye bahasha, tena akaniombea heri. Kukataa ningeanzaje? Nikanunua nguo za watoto na mabati ya jikoni. Mananasi si yalikuwa yangu?

Kampuni ilipopiga simu, niliwaeleza vizuri tu kwamba hoteli imeshalipa. Binti wa upande wa pili akauliza, "Imemlipa nani, mama?"

Ndipo nikampelekea shemeji ile barua. Aliisoma mara mbili, akaikunja palepale ilipokuwa imekunjwa.

"Kumbe mwezi mzima nadaiwa na watu nisiowajua," alisema, "na wewe unakuja kuniuliza kama uji umeiva."