Vidonge vya Burulkan

Pale kijijini Kochkor hakuna asiyejua kwamba kurut ya Burulkan haina mpinzani. Kila kiangazi alikamua mtindi kwenye mfuko wa kitambaa mpaka ukakauka, akaukanda na chumvi ya mgodini, akafinyanga vidonge vyeupe na kuvianika juu ya paa la zizi. Watu walivinyonya wakichunga, wakisafiri, wakisengenyana. Naye, tuseme ukweli, alipenda sifa kuliko mtoto anavyopenda sukari.

Kwa hiyo Nurzat, nesi wa zahanati, alipowakusanya akina mama shuleni kuwaeleza habari za presha, Burulkan alisikia alichotaka kusikia. Nesi alisema tumboni mwa mtu mnaishi vijidudu vingi ajabu, na vile vizuri, vinavyopatikana pia kwenye mtindi, huenda vikasaidia mishipa kulegea na presha kushuka kidogo. Neno "kidogo" halikumfikia. Alikuwa amekwisha kumgeukia jirani yake Kalipa na kumkonyeza.

"Umesikia? Si kurut yangu hiyo inayosemwa?"

Nesi alipofika kwenye chumvi, Burulkan alikuwa mlangoni anavaa viatu, awahi kutangaza.

Nyumbani, mumewe, mzee Satarkul, alikuwa na presha ya miaka sita na vidonge vya hospitali vilivyomkimbiza chooni kutwa.

"Achana navyo," Burulkan akamwambia. "Kula vyangu. Kumi kwa siku."

"Kumi? Bibi wee, mimi ngamia?"

"Ngamia hana presha. Kula."

Akala mwezi mzima.

Asubuhi moja mzee alishindwa kufunga tandiko la farasi. Kichwa kilimuuma kama kinapasuliwa, damu ikamtoka puani. Kalipa, aliyekuwa amekuja kumchukulia mama yake kurut, alikimbia kumwita nesi. Nurzat alimfunga mzee kipimo mkononi, akapima, akapima tena. Mia mbili na kumi. Akapiga simu kuita gari la hospitali, kisha akatoa karatasi.

"Baba, dawa zako unameza kila siku?"

Mzee akamtazama mkewe, kisha akamtazama Kalipa aliyesimama mlangoni. "Kila siku, binti yangu. Sijaruka hata moja."

Alikuwa anamfichia aibu. Mwanamume ambaye kwa miaka arobaini hajamwambia neno tamu, leo anaweka roho yake rehani ili mkewe asichekwe na jirani! Burulkan aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Akajifanya anamimina chai.

"Basi dozi haimtoshi," nesi akasema huku anaandika. "Nawaambia hospitali waongeze mara mbili. Bahati nzuri hajaacha. Angekuwa ameacha, dozi hiyo ingemshusha ghafla, ingeweza hata kumuua."

Burulkan akalitua birika. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Ameacha," akasema kwa sauti ya chini. Akarudia. "Ameacha, mwezi sasa. Mimi ndiye niliyemwachisha. Nilimpa kurut."

"Nyamaza, we mama," mzee akanong'ona.

"Sinyamazi."

Nurzat akaiweka kalamu chini. Hakufoka, na hilo ndilo lililomuumiza Burulkan zaidi.

"Mama, chumvi unayotia humo ndiyo inayopandisha presha. Hata vile vijidudu vizuri vya tumboni haviipendi. Nilisema mtindi usio na chumvi, tena pamoja na dawa, siyo badala ya dawa. Nilisema pale shuleni."

"Nilikuwa navaa viatu," Burulkan akajibu, na jibu lenyewe likamtia aibu upya.

Nesi akaichana ile karatasi. "Ni nani mwingine uliyemwambia aache dawa?"

Burulkan alishindwa kuinua macho. Ilibidi alitaje jina mbele ya Kalipa.

"Mama yake Kalipa. Nikamwambia asikuambie, Kalipa mdogo wangu. Nilijua utakataa."

Kalipa akautazama mfuko wa kurut aliokuwa ameushika.

"Mimi mwenyewe ndiye ninayemletea," akasema. "Kila wiki, dada! Kwa mkono wangu!" Akaubwaga mfuko, akatoka mbio.

"Nenda," nesi akamwambia Burulkan. "Mimi nipo na mzee."

Burulkan alimfuata. Kitambaa cha kichwa kilimwanguka njiani na hakurudi kukiokota. Majirani walimtazama, mwanamke wa umri wake, kichwa wazi barabarani, na safari hii hakuwa na la kuwaambia.

Mama yake Kalipa alikuwa amekaa dirishani anaota jua, shavu moja limetuna kwa kidonge cha kurut. Kalipa alikuwa amemshika mabega, analia, na bibi hajui analilia nini. Alipomwona Burulkan, uso ukamchangamka.

"Karibu, daktari wangu!"

Burulkan alipiga magoti, akakinga kiganja chini ya kidevu cha yule bibi.

"Mama, tema," akasema. "Tema hapa mkononi mwangu. Nilikudanganya."