Tulianzia Kwenye Maji

Jumapili iliyopita nilikuwa kwa mama, Ilemela, kando ya ziwa, kwenye nyumba ileile ya bibi niliyokulia, iliyobanwa na mawe, nikamkuta binti yangu amejilaza mkekani anasoma katuni kwenye simu. Kidole chake kilikuwa kinazipeleka kurasa upande usio wake. Nikamwambia anasoma kinyume, kama mtu aliyevaa shati mbele nyuma. Hata uso hakuinua.

"Mama, katuni za Kijapani ndivyo zinavyosomwa. Unaanzia kulia."

Unajua jinsi mtu anavyoweza kuambiwa jambo dogo tu akaishiwa nguvu? Ndivyo nilivyokuwa. Maana mimi, ndugu yangu, nimelelewa na kitabu kimoja cha Kijapani, na miaka yote ile nilikianzia kushoto.

Kililetwa na mwalimu wa hesabu, dada wa Kijapani aliyekuja kujitolea shule ya sekondari, akapanga chumba cha uani kwa bibi. Shikamoo alijifunza siku ya kwanza, akawa anaigawa kwa kila mtu, hata kwetu sisi wa darasa la kwanza, nasi tukaitikia marahaba bila haya. Bibi alimpenda kwa sababu alitafuna michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kama mzaliwa wa Misungwi, na hakuogopa kupara magamba ya sato.

Wakati huo mama hakuwepo. Baba alikuwa ameshafariki, na mama alipanda meli ya Bukoba kwenda kumsaidia dada yake kwenye mgahawa, akaahidi kurudi mvua zikikatika. Mvua zilikatika, zikanyesha tena. Baadaye tukasikia amevuka kwenda Kampala. Kila meli ilipopiga honi nikiwa ufukweni nasugua masufuria kwa mchanga, niliacha kazi nikasimama kutazama. Bibi alikuwa ananiona. Aliniongezea sufuria jingine.

Sasa kitabu chenyewe. Kilikuwa chembamba, kinanuka kama kabati la nguo, na hakikuwa na maneno, picha tupu. Lakini picha gani! Mchoraji alichora wavu fundo kwa fundo, paa la nyumba kigae kwa kigae. Mwalimu alituambia kwao kila mtu anampenda huyo mzee, ila anachora kidogo mno. Watu wanangoja kitabu kipya mpaka waliokuwa watoto wanazaa. Bibi alicheka hadi akashika mbavu. Akasema huyo angekuwa fundi cherehani, maharusi wangefunga ndoa na nguo za kushindia. Lakini alipomaliza kucheka aliutazama ule wavu tena, muda mrefu, maana wavu aliujua.

Bibi hakusoma shule, kwa hiyo kitabu kisicho na maneno kilimfaa kabisa. Jioni tulikaa juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, jiwe likiwa bado na joto la mchana, dagaa wamebaki wameanikwa upande mmoja na harufu yao yote. Ndege ikishuka kwenda uwanjani ilibidi bibi anyamaze mpaka ipite, halafu anaendelea pale alipoachia. Kitabu alikifungua kama ambavyo wewe ungekifungua.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa maji matupu. Unaofuata, mashua ndogo kwa mbali. Halafu mashua inakua, na msichana yuko ufukweni ameinua mkono. Halafu mama mtu, na begi lake. Niliuliza kwa nini wanatembea wakielekea majini wakati wanarudi nyumbani, bibi akasema wamegeuka kuwaaga wenye mashua, ndiyo adabu. Kisha wako nyumbani, mama anamsuka nywele, kisha anamkaangia samaki. Na msichana anazidi kuwa mdogo, ukurasa hata ukurasa, mpaka wa mwisho amekuwa mtoto mchanga, amelala mgongoni mwa mama yake.

Hilo la kupungua lilinisumbua. Nikauliza. Bibi hakubabaika hata kidogo.

"Mtoto akirudiwa na mama yake anakuwa mdogo tena. Hata wewe utaona."

Nilimwamini. Nilisimulia darasani, nikabishana, nikapigana na msichana mmoja aliyesema mama yangu keshaolewa huko. Nilikuwa na ushahidi mkononi, kitabu kutoka Japani, kimechorwa na mtu asiyekuwa na haraka, mtu wa namna hiyo angedanganyaje?

Jioni moja mwalimu alirudi mapema, akatukuta pale jiweni bibi ndio kwanza ameanza na yale maji. Mwalimu akasimama. Nakumbuka alifungua mdomo, akanyoosha mkono kuelekea kwenye kitabu kama anayetaka kukishika. Nikamwambia, kwa kujidai, kwamba mama yangu naye atakuja hivyohivyo, kwa meli. Mkono wake ukarudi. Akavua viatu, akapanda jiweni, akakaa karibu nami.

"Endelea, bibi," akasema.

Mkataba wake ulipoisha akakiacha kitabu kwetu. Nilimwomba atutumie kingine cha mzee yuleyule, akasema akichora atatuma. Hakikuja kingine. Hicho kimoja nacho kililiwa na mchwa chini ya kitanda cha bibi, nikalia kama nimefiwa.

Mama alirudi nikiwa karibu kumaliza shule ya msingi. Alishuka na begi, amenenepa, kichwa changu kikimfika begani, na hatukujua tuanzie wapi. Alinipa mkono kama mgeni. Mimi bila salamu nikamwambia anibebe mgongoni. Bibi aligeuka kutazama ziwa. Mama aliniangalia, akafungua kitenge chake, akainama. Alinifikisha mpaka kwenye jiwe tukaanguka wote wawili, mimi nacheka, yeye analia.

Hayo yote nilimsimulia binti yangu pale mkekani. Hawa watoto wa sasa hawashindwi kitu. Akauliza mashua, begi, wavu, akachezesha vidole, na kabla chai haijapoa alikuwa amekipata kitabu kwenye simu. Mzee ameshafariki. Vitabu vyake vyote vinaenea kwenye kiganja kimoja, na watu wanavililia hadi leo.

Mama aliacha kuchambua mchele akasogea tuangalie pamoja. Binti yangu akakisoma kama kinavyosomwa kwao. Mtoto mgongoni. Samaki. Nywele. Begi. Mkono umeinuliwa, na sasa ninaona ni wa kuaga. Mashua inapungua. Maji.

Nilimwelewa mwalimu hapo, baada ya miaka yote hiyo, na bibi hayupo nimwambie. Jiwe lenyewe lilishapasuliwa kokoto, wamejenga vyumba vya kupangisha. Nilimtazama mama kwa wizi. Alikuwa ameukodolea macho ule ukurasa wa maji, punje za mchele zimemganda vidoleni, na nikaona aibu kwamba tumemwonyesha.

Kisha akamgusa mjukuu wake begani.

"Rudi kama alivyokuwa anasoma bibi ya mama yako," akasema. "Anzia hapo kwenye maji."

Binti yangu akageuza kidole. Mashua ikatokea kwa mbali, na mama akasogea karibu yangu zaidi, akaniegemea, tukaanza kumngoja msichana awe mdogo.