Pete ya Jino na Mafuta ya Karafuu

"Huyu mtoto anatafuna miwa," alisema daktari wa meno, pete ya jino la mwanangu imelala kiganjani mwake. "Na weye bibi unamfichia. Ikianguka tena nnaling'oa hilo jino, tumalize."

Hapo subira yangu ikakatika. Nilisema kwa sauti iliyofika mpaka nje kwenye mabenchi ya wagonjwa: "Miwa gani? Mtoto anaishi kwa uji! Hata mkate namrowekea kwenye chai kama kizee!"

Mwanangu alikuwa na miaka tisa. Jino lake moja la mbele lilikuwa limelipanda jino la pembeni yake, na kila akicheka alijiziba mdomo kwa mtandio. Miaka ile ya hamsini dawa yake ilikuwa pete nyembamba ya chuma: huvishwa jino, hugandishwa kwa saruji nyeupe, kisha waya hulivuta pole pole lirudi mahala pake. Majirani wetu wa Mtoni walinicheka. "Wenzio wanatoga masikio, shoga, weye umemtoga mwanao jino!" Nami nikacheka nao, maana niliiamini ile pete.

Pete ya kwanza ilimtoka chuoni, akiwa katikati ya kusoma sura ya Kurani, ikadondoka juu ya jamvi. Nyingine ilizama kwenye uji, nusura aimeze. Kila ikitoka tunapanda gari mpaka mjini, tunakaa kwenye benchi asubuhi nzima, mtoto anaitwa ndani peke yake, na mwisho wake ni kugombezwa sote wawili.

Siku ile nilikuwa nimeingia naye kwa sababu alikuwa akilia. Baada ya makelele yangu daktari akanambia, "Haya, simama hapo utazame, kama mimi sijui kazi."

Nikatazama. Alimpa mtoto maji asukutue, mtoto akatema. Mate bado yanamchuruzika, daktari akachovya pamba kwenye kichupa, akalipaka lile jino mbele na nyuma. Chumba kizima kikanuka. Mimi nimekulia shamba la mikarafuu, sihitaji kuambiwa. Kisha, juu ya mafuta yale yale, akachota saruji yake.

"Ngoja kwanza. Hayo mafuta huyafuti?"

"Nnampunguzia maumivu, bibi."

"Na pete itashika wapi?"

"Itashika kwenye jino."

"Jino liko chini ya mafuta, daktari! Mie nikimpaka bibi harusi piko, kwanza mkono nausugua kwa sabuni na ndimu, nikaukausha kavu. Mkono wenye mafuta haushiki kitu, na piko ni rangi tu! Weye unabandika chuma!"

Muuguzi aliyekuwa akimsaidia akageukia ukutani, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Daktari akawa mwekundu.

"Udaktari umesomea wapi, bibi?"

"Sikusomea. Nimesoma sekondari, na kuandika najua."

Nikamteremsha mwanangu kwenye kiti, jino tupu, tukatoka. Njia nzima alikuwa ananiuliza, "Mama, ndiyo watanitoa jino?" Nikamshika mkono.

Asubuhi yake nilikuwa ofisini kwa Daktari Mkuu. Karani akaniuliza kama nimetumwa na mume wangu. Nikamwambia mume wangu haumwi na jino, nikaweka karatasi mezani. Iliandikwa hivi:

"Bwana Daktari Mkuu, namlalamikia daktari wako wa meno. Amemvisha mwanangu pete juu ya jino lenye mate na mafuta ya karafuu. Kila mara imeanguka, na kila mara amemwita mtoto mwongo. Sasa anataka kuling'oa jino zima, lisilo na kosa. Nataka jino hilo lisuguliwe, likaushwe, lisiguswe na mafuta, na pete ivishwe upya nami nikiwepo ndani. Mtu yeyote asiling'oe bila ya ruhusa yangu ya maandishi. Na aombwe radhi. Simaanishi mimi. Aombwe radhi mtoto."