Mama Mkwe Aliyeacha Kunipisha

Jumamosi asubuhi, kama si msimu wa mitihani, huwa ninatembea ukingoni mwa Ziwa Singidani na kamera shingoni. Niliinunua ikiwa imeshatumika, nzito, na lenzi yake ni ndefu kiasi kwamba wachunga mbuzi waliponiona mara ya kwanza waliniuliza kama ninapima viwanja. Nilipowaambia ninapiga picha ndege, mmoja alinitazama kwa huruma. "Mwalimu," akasema, "Singida hapa watu wanahangaika na kuku. Wewe unahangaika na ndege asiyeliwa?"

Ninachojua ni kwamba nikilala kifudifudi nyuma ya jiwe, nikimsubiri yule ndege mwari afungue mdomo wake ule mkubwa, hasira zangu za wiki nzima huniacha. Na mimi ni mtu wa hasira. Mke wangu husema naweza kununa hata nikiwa usingizini.

Njia yangu hupita karibu na kwa mama mkwe, aliyebaki peke yake kwenye nyumba yake tangu afiwe na mume. Kwao bado wanashika heshima ya zamani: mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, na wakikutana njiani hupishana kwa mbali. Anayemwona mwenzake kwanza ndiye anayetoka njiani, na karibu siku zote alikuwa yeye. Akiniona tu kule kwenye mawe, anaingia vichakani, anajifunika khanga kichwani, ananipa mgongo. Mimi nasimama, nageukia ziwani, ndipo naita, "Shikamoo, mama." Naye anajibu, "Marahaba, baba. Watoto hawajambo?" Tunaongea hivyo, kila mtu na upande wake, kisha tunaendelea na safari. Ilikuwa miaka kumi na minne ya namna hiyo. Vijana wa mjini wanatucheka, lakini mimi niliizoea nikaipenda. Sauti yake naijua vizuri sana. Sura yake, ungeniuliza, nisingekuwa na la kukuambia.

Mwaka juzi, mvua zilipoanza, akaacha kunipisha.

Mara ya kwanza nilikuwa nimechuchumaa kando ya njia, namlenga yule ndege mdogo mwenye miguu mirefu myekundu. Nikasikia hatua. Kugeuka, mama mkwe huyo anakuja katikati ya njia. Nilijirusha kichakani, nikachanwa na miiba mkono mzima, kamera nimeikumbatia. Akapita hatua tatu tu kutoka pale nilipo. Hakugeuza kichwa, hakusalimia. Nami sikutoa sauti, maana kumsemesha mama mkwe kwa ukaribu ule ni utovu wa adabu. Niliukodolea macho mchanga mpaka alipotokomea.

Nikajiambia ana mawazo. Jumamosi iliyofuata ikawa hivyohivyo, na ya tatu hivyohivyo. Hapo nikaanza kutafuta sababu, na sikuchelewa kuipata. Kaka yake alikuwa amezikwa Kiomboi, nami sikwenda mazikoni kwa sababu nilikuwa nasimamia mitihani. Basi, nikasema, ni hilo. Ameamua kunionyesha kwamba kwake mimi si mtu.

Nilimweleza mke wangu. "Mama hawezi kufanya hivyo," akasema. "Ngoja nimuulize."

"Usithubutu," nikamwambia.

Nikahamishia matembezi yangu upande wa pili wa ziwa. Salamu zangu kwa mama mkwe nikazikata. Alizeti ilipokauka, mke wangu akaenda na watoto kumsaidia kuvuna na kuipiga, mimi nikabaki nyumbani nikidai nina madaftari ya kusahihisha. Madaftari hayakuwepo. Mke wangu alirudi jioni akasema mama yake ameipiga alizeti kuliko wote, amekaa chini na fimbo yake asubuhi mpaka jioni, na ameniulizia mara mbili. Sikumwamini.

Kilichonirudisha upande ule ni heroe, wale ndege warefu ambao wengine huwaita flamingo. Walikuja wengi, wakajipanga kwenye maji ya kina kifupi karibu kabisa na kwa mama mkwe, ukingo wote ukawa wa waridi. Maji ya mwaka ule yalikuwa yamepanda hadi juu ya njia na yalikuwa hayajarudi. Nikajificha nyuma ya jiwe, nikaanza kupiga picha mfululizo. Ghafla heroe wote wakaanza kukimbia juu ya maji na kuruka. Mtu alikuwa ameingia kwenye picha. Nilipotambua ile khanga nilishusha kamera haraka na kugeuza uso, lakini kidole kilikuwa kimeshafanya kazi yake.

Nyumbani nilifungua kompyuta nizifute zile picha. Ya kwanza sikuifuta, kwa sababu ya viatu. Mama mkwe alikuwa amesimama majini na viatu miguuni, maji yanafika kwenye vifundo, pale pale ilipokuwa njia. Mkono mmoja ameunyoosha mbele, vidole vimetanuka. Kwenye picha ya pili kundi zima liko hewani upande wa kushoto, na yeye uso ameuelekeza kulia, kwenye mawe, kama mtu anayesikiliza mlango unaogongwa.

Kisha nikafanya nilichokuwa sijafanya kwa miaka kumi na minne. Nikaikuza picha, nikamtazama mama mkwe wangu usoni. Macho yote mawili yalikuwa meupe katikati, kama yamemwagiwa maji ya mchele.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Nilimwita mke wangu, nikamwachia kompyuta, nikatoka nje. Nilimsikia akilia. Kesho yake alikwenda kwa mama yake bila mimi, na aliporudi alikaa kitandani bila kuvua viatu.

"Ni mtoto wa jicho," akasema. "Alianza kutoona vizuri hata kabla mvua hazijaanza. Nyumba anaijua kwa mikono, njia anaijua kwa miguu. Alikuwa anatuficha."

"Kwa nini?"

"Alijua tukigundua tutamleta hapa. Amesema, 'Nikae nyumba moja na mkwe wangu, nimkute mlangoni nisimwone? Nitampishaje?'"

Miezi yote ile niliyokuwa nimenuna, yeye alikuwa anatembea gizani kwenye mawe ya ziwa ili asinivunjie heshima.

Tulimpeleka hospitali kwa gari la jirani, mimi mbele na dereva, yeye nyuma na binti yake. Walimfanyia upasuaji wa jicho moja, na baada ya wiki kadhaa la pili. Siku ya kumfungua bandeji nilisubiri nje kwenye benchi, kama inavyotakiwa. Mke wangu alitoka akiwa anacheka na kulia, akaniambia kitu cha kwanza mama yake alichokisema ni kwamba yeye mke wangu amenenepa.

Jumamosi moja baada ya hapo nilirudi kwenye njia yangu ya zamani. Heroe walikuwa wameshaondoka. Kulikuwa na upepo, na ndege weupe, yangeyange wachache, wamesimama kwenye maji. Nilitembea polepole, macho yapo mbele na si kwa ndege. Akatokea mtu kwenye kona ya mawe, mbali, kiasi kwamba mimi mwenyewe sikuwa na hakika kama ni yeye.

Akasimama. Akavuta khanga kichwani, akatoka njiani, akaingia vichakani na kunipa mgongo.

Nilijikuta machozi yananitoka, nami nikatoka njiani upande wangu, nikageukia ziwani. Kamera niliiacha ining'inie. "Shikamoo, mama," nikaita.

"Marahaba, baba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

Kisha akauliza, bado amenipa mgongo, "Baba, yule ndege mweupe kule kwenye jiwe, mbona ana mguu mmoja?"

Nikatazama. Kwa macho yangu niliona doa jeupe tu. Ilinibidi ninyanyue kamera na kuvuta lenzi mpaka mwisho ndipo nikamwona yangeyange, amesimama kwa mguu mmoja.

"Mwingine ameukunja, mama," nikamjibu.