Asumini Waliyosema Imekauka

Nataka iandikwe mahali kwamba asumini anayovishwa Mama Maria katika kijiji chetu ilianza kwa Bi Jirani, wala haikuanza kwa mtu mwingine yeyote. Kusema mbele ya watu siwezi, midomo hunikauka. Basi naandika, taratibu, kwa mwandiko wa darasa la nne nilikoishia.

Kijiji chetu kiko mbele kidogo ya Kibamba, pembeni ya barabara ya Morogoro. Wazazi wetu walishuka kutoka milima ya Uluguru kufuata kazi ya mkonge, wakajenga karibu na Wazaramo waliokuwako pale tangu zamani. Wao Waislamu, sisi Wakatoliki. Msikiti wao na kanisa letu vyote viliezekwa makuti, na mvua ikinyesha vyote vilivuja.

Sanamu yetu ya Mama Maria ni ya mti, urefu wake kama mtoto aliyeanza kukimbia. Kidole kimoja cha mkono wa kulia kimekatika. Wazee waliibeba kutoka milimani ikiwa imeviringishwa mkekani, na kijiji kizima kiko chini yake. Mwanamke akishikwa na uchungu humwita yeye. Mvua ikichelewa huambiwa yeye. Hata mbuzi akipotea, kabla watu hawajaingia porini kumtafuta, mtu mmoja hupita kanisani kwanza. Sikukuu yake ni ile ya kupalizwa mbinguni, katikati ya Agosti, wakati nyasi zote zimekuwa za njano na visima vimeshuka.

Desturi yetu ni kwamba siku moja kabla ya sikukuu wanawake wanamwogesha na kumvika kanga mpya. Mama yangu ndiye aliyetunza ufunguo wa sanduku lake. Kanga ilichaguliwa kwa ubishi mwingi, na ilipopatikana tuliikunja ili maandishi yake yaingie ndani, maana mama alisema, "Mama wa Mungu hawezi kupita njiani akibeba mafumbo ya watu." Halafu alifukizwa udi. Mwisho, alfajiri ya sikukuu yenyewe, alivishwa asumini ya Bi Jirani.

Bi Jirani ni Mzaramo, ni Mwislamu, na uani kwake kuna mti mkubwa wa asumini. Zamani, mimi nikiwa bado mgongoni, mwanawe wa pekee aliugua homa iliyokataa kila dawa. Siku ya sikukuu maandamano yalipita mbele ya nyumba yake. Alitoka na asumini aliyokuwa ameitunga kwa ajili ya nywele zake mwenyewe, akamwekea sanamu miguuni, akasema mbele ya watu wote, "Mungu akiniachia huyu mtoto, kila mwaka siku hii nitamletea Bibi Mariamu maua, mpaka nife." Mtoto aliamka. Tangu hapo Bi Jirani hakukosa hata mwaka mmoja. Kiangazi kikikaza, sisi wengine tukioga maji ya kikombe, yeye alikuwa anatembea mpaka kisima cha bondeni, anarudi na debe kichwani, analimwaga lote shinani mwa asumini ili siku ile ichanue.

Huyo mtoto sasa ni mwanamume mzima, mabega mapana, anapasua mawe kwa ajili ya barabara. Maneno yake ni mengi kuliko mawe yake.

Kisha alikuja Bwana Karani. Alikuwa karani wa shamba la mkonge, ana viatu vyeusi na baiskeli, na kwa sababu hiyo tu alifanywa mwenyekiti wa kamati ya kanisa. Mwaka wake wa kwanza aliwaita wanawake chini ya ukuta wa kanisa, akabaki amesimama huku wao wamekaa chini.

"Mwaka huu," alisema, "Mama Maria atavaa gauni jeupe lenye lesi. Nimeshaagiza mjini. Mambo ya kanga basi. Mama wa Mungu havai kama mwanamke wa sokoni."

Wanawake walitazamana.

"Na yale maua ya kule kwa Waislamu, basi vilevile. Baba Padre hapendi. Ibada ni ibada."

Walipofika nyumbani ndipo midomo ilipofunguka. Mama aliweka sufuria kwa kishindo. "Sokoni! Kwani Bibi Maria kule Nazareti nani alikuwa anamwendea sokoni? Karani?"

Nilitaka aseme hivyo kule kule ukutani. Lakini Karani alikuwa ametaja jina la padre, na padre akitajwa, sisi hunyamaza.

Jioni tulikwenda mama na mimi kumwambia Bi Jirani. Tulimkuta anamwagia mti wake maji. Asumini ilikuwa imejaa vitumba, vyeupe, vinene. Mama alizungumza habari za kuku, habari za kikohozi, habari za bei ya sukari. Bi Jirani akaweka debe chini.

"Shoga, umekuja kunipa habari za sukari na uso huo?"

Mama akamwambia. Bi Jirani alikaa kwenye kigoda pole pole kama mtu mwenye homa.

"Mie sikuiahidi kamati," alisema. "Nilimwahidi Mungu. Nisipotoa, huyu mwanangu atasimamiwa na nani?"

Mwanawe alikuwa anaosha vumbi la mawe miguuni. Akacheka. "Mama, nadhiri yako imeshaota ndevu, itazame. Bado unaiogopea homa?"

"Nyamaza wewe! Unacheka kwa kifua alichokuachia nani?"

Akarudi kuosha miguu yake. Bi Jirani alishika kigoda kwa mikono miwili. Nilimwona mara nyingi akifiwa na ndugu, sikupata kumwona vile.

Mama akamsogelea. "Nipe kesho kutwa alfajiri, shoga. Nitaficha vikuba vyako vya asumini ndani ya gauni lao, chini ya lesi. Hakuna atakayejua."

Bi Jirani alitikisa kichwa. "Nilisema kwa sauti, barabarani, watu wanasikia. Leo nikatoe kwa kificho, kama niliyeviiba? Nitasimama pale pale niliposema. Watakaonipita, wanipite."

Siku ya sikukuu Baba Padre alifika kwa lori kutoka mjini. Alikuwa Mzungu mzee, amekaa nchini miaka mingi, Kiswahili chake kizuri. Sanamu ilikuwa nje juu ya machela, imevaa gauni. Gauni lilikuwa refu kuliko Mama Maria mwenyewe, limemfunika mikono, hata kile kidole kilichokatika hakikuonekana. Wanawake walikuwa wamesimama pembeni kama wageni.

Padre aliisogelea, akanusa, akageuka.

"Mwaka huu Mama hanukii," alisema. "Asumini iko wapi? Mimi njia nzima nilikuwa naingojea ile harufu."

Ndipo nilipojua. Padre hakukataza kitu. Hakuna aliyekataza kitu ila Karani, na sisi wote tulikuwa tumetii amri ambayo aliyetajwa hakuitoa.

Karani hakupepesa jicho. "Kiangazi, Baba Padre. Kimekuwa kikali mno. Asumini imekauka yote."

Tulikuwa watu wengi pale. Wote tulijua. Asumini imekauka! Nilifikiri juu ya lile debe, na njia ya bondeni, na shingo ya Bi Jirani. Nilimtazama mama, mama akatazama chini. Nilijitazama na mimi: ulimi ulikuwa mdomoni kama kipande cha gogo. Padre alisema, "Pole yetu," akavaa joho lake, maandamano yakaanza.

Tulipokaribia nyumba ya Bi Jirani harufu ilitufikia kabla ya kuiona nyumba. Alikuwa amesimama barabarani, amevaa kanga zake za Idi, mikononi sinia la shaba, juu yake asumini imefurika mpaka inadondoka. Mwanawe amesimama kando yake.

Karani alipaza sauti ya litania na kuongeza mwendo. Wabebaji wa machela hawakuongeza. Yule wa mbele alisimama kabisa.

"Bega limekufa ganzi," alisema.

"Na langu," akasema wa nyuma.

Walikuwa hawajatembea hata nusu ya njia. Machela ikashushwa chini, mbele ya sinia.

Padre alikuwa mbele, akarudi. Alitazama sinia, akamtazama Karani. "Bwana Karani. Hii nini?"

"Hii, Baba Padre... hii ni ya Waislamu."

"Kwani mti nao umesilimu?" mwana wa Bi Jirani akauliza. "Mbona mie sijauona msikitini?"

Watu waliangua kicheko, hata watoto wa komunyo. Karani akawa anapangusa viatu vyake kwa leso. Padre hakucheka. Alisema tu, "Mvisheni, mvisheni, jua linapanda."

Mama alitoka kwenye mstari, akapokea sinia kwa mikono miwili, akapiga goti, akamzungushia Mama Maria asumini shingoni juu ya lesi yao. Bi Jirani alikuwa ananong'ona maneno yake ya Kiarabu, kisha akafuta uso kwa ncha ya kanga na kumshika mwanawe mkono, kwa nguvu, kama mtu anayevuka mto na mtoto mdogo.

Ningependa kuishia hapo. Lakini padre hakumuuliza Karani lolote juu ya kiangazi chake. Alikula pilau naye, akapanda lori, akaenda. Jumapili iliyofuata Karani alikuja nyumbani akamwambia mama, "Kamati imeona umechoka," akachukua ufunguo wa sanduku. Kanga zote za Mama Maria, zile tulizokuwa tunazikunja kwa uangalifu, zilichanwa. Niliikuta moja mlinzi wa kanisa anafutia masizi ya taa. Asumini peke yake Karani hakuthubutu kuikataza tena.

Na mwaka huu, mbele ya padre mpya na wageni kutoka mjini, Karani alisimama kwenye sikukuu akasema, "Nilipoingia katika kamati niliona ni vema tuwashirikishe majirani zetu. Ndipo nikaanzisha desturi hii ya asumini." Wageni walipiga makofi. Mmoja alimshika mkono.

Bi Jirani alikuwa amekaa mkekani pamoja na wanawake. Mwanawe alimwinamia akasema, "Mama, umeibiwa nadhiri mchana kweupe."

"Mwache," alisema. "Kwani Mungu ndiye aliyempigia makofi?"

Yeye na mama wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi sikucheka. Mpaka sasa sijacheka.

Kesho yake asubuhi nilikwenda na Bi Jirani kisima cha bondeni, kwa sababu shingo yake sasa inamsumbua na mti unataka maji hata sikukuu ikiisha. Tulikuwa tunapanda, madebe kichwani, nyuma yetu ikalia kengele ya baiskeli. Alikuwa Karani, anakwenda kazini. Hakupunguza mwendo, alipiga kengele tu. Tulimpisha majanini. Debe langu liliyumba, maji yakamwagika nusu.

Bi Jirani alisema twende tu, yatatosha. Nilirudi kisimani nikalijaza.