Hodi ya Tatu Kwenye Kibanda cha Ndege

Barua ilikuwa mfukoni mwa koti langu, stempu nimeshaibandika. Mama alisema, mimi nikaandika, asubuhi ile ile ya Jumapili: kaka yangu wa Mombasa ampokee, nchi hii imemshinda. Nilimwahidi kuitia posta tukitoka.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, baba hana hata mwaka kaburini. Miezi mitatu mama alikuwa Birmingham, Uingereza, na yote kaimalizia chumbani kwangu mtaa wa Lozells mbele ya hita ya mafuta ya taa, buibui juu, sweta mbili chini. Mimi nauguza watu hospitali. Nikitoka zamu namkuta pale pale nilipomwacha. Na huko kwa kaka, tusidanganyane, mama na mkaza mwanawe hawapikiki chungu kimoja. Sikutaka aende, wallahi. Lakini kumwambia "Mama, kaa, nakuhitaji" nilishindwa. Nikawa nanuna tu.

Kazini nilikuwa nimesikia habari ya pahala, mbele ya mtaa wa Perry Barr, penye maji na matete na ndege. Nikasema, huyu kazaliwa kando ya mikoko, pengine akiona tope moyo utamfunguka. Tukapanda basi. Tope aliliona kweli! Limeganda, gumu kama sakafu. Bata mwitu walikuwa wakitembea juu ya barafu, wanateleza, na mama akasema, "Maskini, hata wenyewe hawapawezi."

Tulizunguka nusu ya bwawa, mama ndani ya buti zangu za mpira, mpaka tukafika kwenye kibanda cha mbao, kile ambacho watu huketi kimya na kuchungulia ndege kwenye matundu. Baiskeli ilikuwa imeegeshwa nje. Kabla sijanyoosha mkono kuushika mlango, mama kasimama, kavuta pumzi:

"Hodi!"

Ndani kimya. Huko bwawani nikasikia mabawa.

"Hodi!"

"Mama, hapa hapapigwi hodi!"

"Kuna pahala pa watu pasipopigwa hodi?" Akapiga ya tatu, kwa sauti ya kuita jirani wa mtaa wa pili. Bata wote waliobaki wakaruka, bwawa likawa jeupe tupu.

Hakujibiwa. Mama akageuka aende zake, maana hodi ni tatu. Usipokaribishwa, unarudi ulikotoka. Nami badala ya kumshika mkono nikamfokea, ati kanitia aibu. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Alisema taratibu, "Miezi mitatu hii napiga hodi nchi hii, mwanangu. Hapana aliyenijibu."

Nilitaka ardhi inimeze. Mimi ndiye niliyekuwa wa kumjibu, kila siku nilipoingia chumbani mle na uso wangu wa kuvimba.

Hapo mlango ukafunguka. Akatoka mzee wa Kizungu, darubini shingoni, pua nyekundu kwa baridi. Akaniambia kwamba tangu asubuhi alikuwa akiwangoja wale ndege wasogee, na sasa hayupo hata mmoja. Haki yake. Nami, hasira zangu hizi, nikamjibu kwa Kiingereza cha haraka haraka: mama yangu ni mtu wa adabu, haingii kwa watu bila kubisha, na amebisha mara tatu na yeye mzima mle ndani kanyamaza. Mzee akamtazama mama, aliyekwisha kutupa mgongo. Akaniuliza, alipaswa kujibu nini? Nikamwambia.

Akarudi ndani, akafunga mlango. Kisha tukasikia, kwa ulimi mzito lakini kwa sauti kubwa: "Karibu!"

Mama akageuka. "Starehe," akajibu, na akavua buti mlangoni.

"Mama, baridi!"

"Niingie kwa mtu na viatu?"

Mzee alizitazama soksi za mama, akatandika mkoba wake wa turubai chini ya benchi ili mama aweke miguu. Akatumiminia chai kutoka kwenye chupa yake. "Haina sukari," mama akaninong'oneza, "lakini ya moto." Tukakaa. Bata wakarudi mmoja mmoja, na nyuma yao korongo, akasimama mguu mmoja kwenye matete. Mzee akamkabidhi mama darubini. Alimtazama korongo yule mpaka chai yake ikapoa.

Kituo cha basi kilikuwa karibu na sanduku la posta. Ahadi ni deni, nikaitoa barua. Safari hii ulimi ukakubali: "Mama, sitaki uende."

Alinitazama kana kwamba nimechelewa chakula.

"Irudishe mfukoni," akasema. "Nimekaribishwa leo, niage leo? Nina adabu mimi."